Kuitembelea Sri Lanka kwa Kufuata Kusi na Kaskazi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayeitazama Sri Lanka kwenye ramani hudhani kwamba ataizunguka yote kwa wiki moja, kwa sababu kisiwa hicho kina kilomita za mraba 65,610 tu, eneo lisilofikia hata ukubwa wa mkoa wa Tabora. Dhana hiyo ndiyo inayoharibu safari nyingi. Ukiacha barabara chache za mwendo kasi, njia za kisiwa ni nyembamba, hupita katikati ya vijiji na masoko, na milimani zina kona nyingi kiasi kwamba gari huweza kutumia saa nzima kwa kilomita 30. Anayepanga kulala mji mpya kila usiku huishia kuiona nchi kupitia kioo cha gari. Mwongozo huu umeandikwa kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki, na shauri lake kubwa ni kwamba achague upande wa kisiwa kulingana na pepo, kisha ayape maeneo machache muda wa kutosha.

Hatua ya kwanza: Zisome pepo kabla ya kununua tiketi

Watu wa pwani yetu wana nafuu katika jambo hili, kwa kuwa pepo zinazotawala mvua za Sri Lanka ni zile zile za kusi na kaskazi zilizoendesha majahazi kati ya Lamu, Zanzibar, Uarabuni na Bara Hindi. Katikati ya kisiwa ipo milima, na kilele chake cha juu kabisa, Pidurutalagala, kina mita 2,524. Milima hiyo huyazuia mawingu, na ndiyo sababu upande mmoja hunyeshewa wakati mwingine umekauka.

Kati ya Mei na Septemba, kusi huleta mvua kusini-magharibi, yaani Colombo, Galle na miteremko ya magharibi ya milima, ilhali pwani ya mashariki huwa kavu na bahari yake hutulia. Kuanzia Desemba hadi Februari, kaskazi hunyeshea kaskazini na mashariki, na pwani ya kusini hupata jua. Oktoba na Novemba mvua huweza kunyesha popote, mara nyingine zikiambatana na vimbunga vya Ghuba ya Bengali na maporomoko ya udongo milimani, na kwa maoni yangu miezi hiyo miwili haimfai mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo anayesafiri kati ya Desemba na Machi apange milima na pwani ya kusini. Anayesafiri wakati wa likizo za Juni hadi Agosti apange miji ya kale, Trincomalee ya mashariki na Jaffna ya kaskazini, wala asilazimishe fukwe za kusini, ambako mawimbi ya kusi ni makali na kuogelea huwa hatari katika maeneo mengi.

Hatua ya pili: Tayarisha nyaraka na afya yako

Wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki huunganisha ndege katika miji ya Ghuba na kutua uwanja wa Bandaranaike ulioko Katunayake, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Colombo. Kabla ya kuondoka, omba kibali cha kuingia nchini kwa njia ya mtandao kupitia tovuti rasmi ya serikali ya Sri Lanka, na uwe mwangalifu na tovuti zinazofanana nayo ambazo hutoza ada kubwa kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe. Pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai, na tiketi ya kurudi iwe mkononi.

Jambo linalosahaulika ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sri Lanka hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo katika orodha inayotumiwa kimataifa. Cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa, hivyo usingoje wiki ya safari.

Kuhusu mbu, hali ni tofauti na ya kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2016 kwamba Sri Lanka imetokomeza malaria, lakini homa ya dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Ukipata homa ukiwa huko, mweleze daktari bila kuulizwa kwamba umetoka katika nchi yenye malaria, na umwombe akupime. Daktari ambaye hajaona mgonjwa wa malaria kwa miaka mingi anaweza kufikiria dengi peke yake, na kuchelewa kwa siku mbili au tatu kunaweza kugharimu maisha.

Hatua ya tatu: Pumzika Colombo, lakini usikae mno

Siku moja inatosha kwa Colombo. Tembea asubuhi katika soko la Pettah, ambako utauona msikiti wa Jami Ul-Alfar wenye mistari myekundu na myeupe, uliokamilika mwaka 1909, kisha upumzike jioni kwenye uwanda wa Galle Face unaotazama bahari. Mahali ninapopahimiza zaidi ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1877. Humo mna bamba la jiwe la mwaka 1409 lililoandikwa kwa Kichina, Kitamil na Kiajemi, lililosimikwa Galle na msafara wa Zheng He, amiri wa China ambaye merikebu zake zilifika pia Malindi. Kwa msomaji wa Kiswahili, jiwe hilo ni sehemu ya historia yake mwenyewe.

Kwa safari fupi mjini utatumia bajaji. Dai mita au tumia programu ya PickMe, ambayo huonyesha nauli kabla ya kupanda. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, lakini kukodi gari na kuliendesha mwenyewe sikushauri, kwa kuwa mabasi ya huko huyapita magari mengine kwa kasi hata kwenye kona. Kukodi gari pamoja na dereva kwa siku kadhaa ni jambo la kawaida, na dereva mzuri hukuokolea muda mwingi.

Hatua ya nne: Jifunze adabu za mahekalu na kalenda ya mwezi

Wengi wa wananchi ni Wasinhala wafuasi wa Budha. Wapo pia Watamil, ambao wengi wao ni Wahindu, na Waislamu ambao ni takriban sehemu moja ya kumi ya watu wote. Katika hekalu lolote mabega na magoti yafunikwe, na kofia na viatu vivuliwe. Kikoi au kanga ndani ya mkoba itakufaa kila siku. Beba na soksi, kwa sababu saa sita mchana mawe ya ua wa hekalu huunguza nyayo. Usipige picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Budha. Hilo huhesabiwa kuwa ni dharau kubwa, na mwenye tatuu ya Budha aifunike, kwa kuwa wapo wageni waliorudishwa makwao kwa sababu hiyo.

Kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni sikukuu ya taifa. Pombe haiuzwi, ofisi nyingi hufungwa, na mahekalu hujaa waumini waliovaa nguo nyeupe. Anayetaka kuiona ibada hai apange kuwa katika mji wa kale wa Anuradhapura siku hiyo, hasa Poya ya Juni iitwayo Poson, inayoadhimisha kuingia kwa dini ya Budha kisiwani. Anayetaka kusafiri kwa haraka aiepuke, na aepuke pia mwaka mpya wa Wasinhala na Watamil katikati ya Aprili, wakati treni na mabasi hujaa watu wanaorudi vijijini.

Hatua ya tano: Ipe nchi ya malambo siku tatu au nne

Hapa ndipo penye moyo wa safari, na hapa ndipo wageni wengi hukosea kwa kupanda mwamba wa Sigiriya asubuhi na kuondoka mchana. Eneo hili la kaskazini-kati ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Falme za kale ziliweza kustawi humo kwa kuchimba malambo makubwa ya kuhifadhi maji ya mvua za kaskazi, na kuyaunganisha kwa mifereji ili mpunga uote wakati wa kiangazi. Ukiyafahamu malambo, magofu yote yanaanza kueleweka.

Anza na Anuradhapura, mji mkuu tangu karne ya 4 kabla ya Kristo hadi mwanzoni mwa karne ya 11. Nenda kwanza kwenye mti wa Jaya Sri Maha Bodhi, unaoaminika kupandwa mwaka 288 kabla ya Kristo kutokana na tawi la mti ambao Budha alikaa chini yake huko Bodh Gaya, India. Kutoka hapo utaiona stupa, yaani kuba la kuhifadhia masalio matakatifu, nyeupe ya Ruwanwelisaya, na mbele kidogo ile ya Jetavanaramaya, iliyojengwa kwa matofali, ujenzi wake ukianzishwa na mfalme Mahasena, aliyetawala kati ya mwaka 273 na 301. Ilipokamilika ilikadiriwa kufikia mita 122, na katika zama zake ni piramidi mbili za Giza tu zilizoizidi kwa urefu. Kodi baiskeli, kwa kuwa magofu yametawanyika mno kwa mtu wa miguu, na uyatembelee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Jioni nenda Mihintale, kilima kilicho karibu, ambako inasimuliwa kwamba mtawa Mahinda alikutana na mfalme Devanampiya Tissa na kumfundisha dini hiyo mpya.

Polonnaruwa ilikuwa mji mkuu baada ya Anuradhapura, hadi karne ya 13. Magofu yake yamekaribiana zaidi na yamehifadhika vizuri, kwa hiyo mwenye nafasi ya mji mmoja tu ningemshauri achague huu. Usikose Gal Vihara, ambako sanamu za Budha zimechongwa katika jabali moja, na ile iliyolala ina urefu wa takriban mita 14. Kando ya mji kuna Parakrama Samudra, lambo kubwa kama ziwa linaloitwa kwa jina la mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1153 hadi 1186 na ambaye anakumbukwa kwa agizo lake kwamba hata tone moja la mvua lisifike baharini kabla ya kumfaa binadamu. Kaa kwenye ukingo wake jua linapozama, na utaona wavuvi na wakulima wakiendelea kuyatumia maji hayo.

Sasa njoo Sigiriya. Mwamba huu unainuka karibu mita 200 juu ya uwanda, na juu yake mfalme Kashyapa, aliyetawala kutoka mwaka 477 hadi 495, alijenga kasri lake. Tarihi za kale zinasimulia kwamba alimpindua baba yake, Dhatusena, na kumtaka aonyeshe hazina yake. Mzee yule akampeleka kwenye lambo la Kala Wewa alilolijenga mwenyewe, akayachota maji kwa mikono na kusema kwamba hiyo ndiyo mali yake yote. Kashyapa akamuua, kisha akahofia kisasi cha ndugu yake Moggallana na kujihami juu ya jabali. Lambo la Kala Wewa lipo hadi leo na lingali linamwagilia mashamba, ilhali kasri limebaki misingi tu. Fika langoni asubuhi kabisa linapofunguliwa, kwa sababu ngazi zake takriban 1,200 hazina kivuli cha kutosha, na baadaye foleni hukwama kwenye ngazi nyembamba za chuma. Tembea taratibu pia katika bustani za chini, zenye vidimbwi na mifereji ya karne ya 5. Kiingilio kwa mgeni mtu mzima ni dola 30 au zaidi; ukiona ni kikubwa, panda jabali la jirani la Pidurangala kwa gharama ndogo zaidi, ambako utauona mwamba wenyewe wote kwa mbali.

Mapango ya Dambulla yako njiani. Ni mapango matano yenye sanamu zaidi ya 150 na dari zilizopakwa michoro, na saa mbili zinatosha.

Hatua ya sita: Watazame tembo kwa heshima

Mtu aliyezoea Serengeti, Tsavo au Amboseli anaweza kuuliza kwa nini atazame wanyama Sri Lanka. Jibu liko Minneriya, lambo jingine la mfalme Mahasena. Kati ya Julai na Oktoba maji hupungua, majani mabichi huota kwenye udongo uliofunuliwa, na tembo wa Asia hukusanyika hapo kwa makumi, na katika misimu mizuri hupindukia 200. Ni wadogo kidogo kuliko wa kwetu, masikio yao ni mafupi, na madume wachache sana ndio wenye pembe. Kabla ya kulipa, muulize dereva tembo wako wapi wiki hiyo, kwa maana maji yakibaki juu huhamia hifadhi jirani za Kaudulla au Hurulu.

Kwa chui, wengi hukimbilia Yala kusini-mashariki. Yala ina chui wengi kweli, lakini ina magari mengi ya watalii pia, yanayozingirana mara mnyama anapoonekana, na kwa kawaida sehemu yake kuu hufungwa Septemba. Mimi ningekwenda Wilpattu upande wa kaskazini-magharibi, hifadhi kubwa kuliko zote kisiwani, yenye vidimbwi vya asili na utulivu. Popote utakapokwenda, mwambie dereva mapema kwamba hutaki awakimbize wanyama. Na kupanda mgongo wa tembo aliyefungwa mnyororo ni jambo la kuliacha kabisa, hata likiuzwa kama utamaduni.

Hatua ya saba: Panda kutoka Kandy hadi Ella kwa treni

Kandy ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa mwisho, uliochukuliwa na Waingereza mwaka 1815. Hekalu lake, Sri Dalada Maligawa, linahifadhi masalio yanayoaminika kuwa jino la Budha. Nenda wakati wa ibada, ngoma zinapopigwa. Mwezi wa Julai au Agosti kuna maandamano ya kidini ya Esala Perahera, na vyumba vya kulala vinapaswa kukodiwa miezi kadhaa mapema. Bustani ya mimea ya Peradeniya, iliyo nje kidogo ya mji, inastahili nusu siku.

Kisha shika treni ya Ella, safari ya saa sita hadi saba katikati ya mashamba ya chai. Viti vya kuhifadhi huuzwa siku 30 kabla na huisha haraka. Ukikosa, daraja la pili na la tatu lisilohifadhiwa lipo, ila jiandae kusimama. Madirisha yake hufunguka, jambo linalolifanya kuwa bora kuliko behewa lenye kiyoyozi. Usining'inie mlangoni kwa ajili ya picha, kwa kuwa miamba na mahandaki yako karibu sana na behewa. Baada ya mvua kubwa uliza kwanza kama reli iko wazi.

Chai hiyo ina historia inayowahusu wakulima wa kahawa. Kisiwa kilikuwa cha kahawa hadi ugonjwa wa kutu ya majani ulipoonekana mwaka 1869 na kuiangamiza mibuni katika miaka iliyofuata. Chai, ambayo James Taylor alikuwa ameanza kuipanda kibiashara huko Loolecondera mwaka 1867, ikachukua nafasi yake. Wachumaji wengi ni wazao wa Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India na wakoloni, na hadi leo kipato chao ni kidogo. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha, na nunua chai kiwandani.

Shuka Nanu Oya kwa ajili ya Nuwara Eliya, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako sweta inahitajika usiku. Kutoka hapo unaweza kwenda uwanda wa Horton, wenye genge la kina cha takriban mita 870. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, kwani ukungu hufunika kila kitu baadaye. Ella yenyewe imejaa wageni, lakini matembezi ya hadi daraja la matao tisa, lililokamilika mwaka 1921, yanapendeza alfajiri.

Mwenye nguvu za miguu, kati ya Desemba na Mei, apande usiku mlima wa Sri Pada wenye mita 2,243 ili afike kileleni kabla ya jua kuchomoza. Alama ya unyayo iliyoko juu huheshimiwa na Mabudha kuwa ya Budha, na Wahindu kuwa ya Shiva, na Waislamu kuwa ya Nabii Adamu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika mlima huu miaka kumi na mitatu baadaye na kueleza minyororo ambayo mahujaji hushika wanapopanda.

Hatua ya nane: Chagua pwani moja

Wakati wa kaskazi, nenda Galle. Ngome yake ilianzishwa na Wareno na kuimarishwa na Waholanzi baada ya mwaka 1640, na bado ni mji wenye wakazi, shule, mahakama na msikiti. Kuta zake zilipunguza madhara ndani wakati wa tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyoua zaidi ya watu 30,000 kisiwani na kufika hadi pwani za Somalia na Tanzania. Karibu yake kuna Mirissa, ambako nyangumi wa buluu huonekana kati ya Novemba na Aprili. Panda chombo kinachobaki mbali na mnyama.

Wakati wa kusi, nenda Trincomalee. Fukwe za Nilaveli na Uppuveli zina maji tulivu, na hekalu la Kihindu la Koneswaram limesimama juu ya jabali linalotazama bahari. Wapenda mawimbi hushuka Arugam Bay.

Hatua ya tisa: Mwenye siku za ziada aende kaskazini

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kutoka mwaka 1983 hadi 2009, na treni ilirudi Jaffna mwaka 2014 tu. Ni mji wa Watamil wenye hekalu kubwa la Nallur, sherehe za siku 25 kati ya Julai na Agosti, mchuzi mkali wa kaa, na maktaba iliyochomwa moto mwaka 1981 na kujengwa upya. Ingia humo kimya. Watu wa Jaffna wanaipenda mno.

Katika kisiwa cha Delft na huko Mannar kuna mibuyu, ambayo inaaminika kuletwa na wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Afrika. Na karibu na Puttalam, kijijini Sirambiyadiya, inaishi jamii ndogo ya wazao wa Waafrika waliochukuliwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza kama watumwa na askari. Wamehifadhi nyimbo zao ziitwazo manja. Ukienda, nenda kwa miadi na kwa heshima inayostahili ndugu.

Hatua ya kumi: Gawa siku zako

Kwa siku 12 za wakati wa kaskazi, weka usiku mmoja Colombo au Negombo, mitatu katika nchi ya malambo, miwili Kandy, miwili milimani na miwili pwani ya kusini, kisha urudi kwa barabara ya mwendo kasi ulale usiku wa mwisho Negombo. Wakati wa kusi ongeza usiku mmoja kwenye malambo, fupisha milima, na umalizie Trincomalee au Jaffna. Chakula cha halali hupatikana karibu kila mji, na wali kwa michuzi, sambali ya nazi na mikate ya tambi za mchele havitamshinda mtu wa pwani; omba pilipili ipunguzwe kama huizoei.

Usiku wa mwisho ulale Negombo, karibu na uwanja wa ndege, hata kama ndege inaondoka jioni, kwa kuwa msongamano wa Colombo hautabiriki. Hifadhi risiti za benki ulikobadilishia fedha, na uzirudishe rupia zilizobaki kuwa dola kabla ya kuondoka, maana nje ya nchi ni vigumu kumpata anayezinunua.